Yuniti ya Biashara Kando ya Digrii: Wanatufunza Kuomoka ama Kujilaumu Tukisota?

Msimu wa mahafali ukifika, wewe kaa tu hapo kando usikize. Haijalishi ni Juja, Njoro, Maseno ama Eldoret, mgeni wa heshima lazima atafika kwa ile laini yake: msitafute kazi, tengenezeni kazi. Wazazi wanapiga makofi. Wasee wako ndani ya majoho ya kukodi wanaangaliana. Na huko nyuma ya hema kuna mathe aliuza ng'ombe ndio kijana asomee uhandisi, saa hii ndio anaambiwa kumbe alikuwa analipia mtu akajitafutie.

Kabla tumkasirikie huyo mgeni, tukubali kitu moja: hesabu ziko upande wake. KNBS kwa ripoti yao ya uchumi ya 2025 walisema kazi mpya 782,300 zilipatikana mwaka wa 2024. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Jua kali. Kibanda, boda, kinyozi, kuuza vitu kwa simu. Zile za kuandikwa na kupewa payslip zilibaki 78,600 hivi, nchi mzima. Yaani kwa kila kazi kumi mpya, tisa hazina barua ya ajira wala mdosi wa kukuuliza mbona umechelewa.

Kwa hivyo mimi sina noma na mtu kuniambia nijue biashara. Swali langu ni lingine. Kama tisa kati ya kumi tunaishia huko, campo inatuandaa aje?

Kwa vyuo vingi jibu ni yuniti moja. Inaitwa Entrepreneurship, iko kwa zile yuniti za kila mtu, pamoja na ile ya mawasiliano na ile ya HIV. Uwe unasomea uhandisi, ualimu, kilimo ama kompyuta, utaifanya. Semesta moja, CAT mbili, mtihani, kwisha. Wengine siku hizi wanaongeza zaidi: diploma ya pembeni, cheti cha ubunifu, digrii mzima. Open University of Kenya, ile ya mtandaoni iliyopewa charter Agosti 2023, ilianza ikiwa na Bachelor of Business and Entrepreneurship kati ya kozi zake za kwanza.

Mimi hiyo yuniti niliifanya. Nilipata C. Na nikwambie kitu ya kuchekesha: nilipata C nikiwa mtu pekee kwa ile darasa, kwa kujua kwangu, alikuwa na biashara.

Wacha nieleze. Niliingia campo 2018, parallel, kumaanisha mathe ndiye alikuwa anatoa karo yote mfukoni na kwa chama yake. Mwaka wa pili nikaanza kuuza hudi za mitumba. Narauka saa kumi usiku, napanda mathree ya kwanza hadi Gikomba, nachagua kamera kabla wazito hawajafika, narudi nazo hostel. Hudi ya soo tatu naiuza soo saba. Picha zinaenda status, komredi anakuja kujaribu kwa room yangu, biashara imeisha. Wiki poa nilikuwa natoka na thao nne, tano. Kwa mtoi wa miaka ishirini hiyo ni doh ya kukufanya uongee kwa sauti kubwa mess.

Sasa, hiyo CAT moja nilikosa nikiwa Gikomba. Na ile mtihani yenyewe ilikuwa hivi: taja na ueleze sifa kumi za mjasiriamali. Maze, nilikuwa mjasiriamali na sikukumbuka sifa zaidi ya sita. Msee nilikuwa nakaa naye, hajawahi uza hata njugu, alikuwa amezikariri zote kumi kwa mpangilio wa leki. Akapata A. Simwonei wivu, alisoma. Lakini angalia hiyo picha vizuri.

Halafu kulikuwa na ile kazi ya kikundi ya kuandika mpango wa biashara. Tulikuwa wanane. Wawili waliandika, mmoja alilipia kuchapisha, watano tulijiandika majina. Biashara yetu ilikuwa ya kuku wa kienyeji, mia tano. Kwa karatasi, kwa miaka mitano mzima, hakuna kuku hata mmoja alikufa. Chakula hakikupanda bei. Hakuna mteja alichukua kwa deni. Faida ilikuwa inapanda tu kama lifti. Nikiulizwa leo ningesema huo ndio ulikuwa mradi mzuri zaidi nimewahi kuwa ndani yake, shida tu ni kwamba hao kuku hawakuwepo.

Kitu yenye hiyo yuniti haikuniambia hata siku moja ni hii: wateja wangu wote walikuwa na mfuko mmoja. HELB. Doh ya HELB ikiingia, hudi zinaisha kwa siku mbili. Isipoingia, unaskia "nishikie hiyo ya blue, nitakulipa HELB ikiingia." Nilikuwa na daftari mzima ya watu wa HELB ikiingia. Hiyo ndiyo biashara. Kujua doh ya mteja wako inatoka wapi, inafika lini, na wewe utakula nini katikati. Schumpeter tulisoma, yule mchumi wa Austria aliyesema biashara mpya inabomoa ile ya zamani ndio uchumi usonge. Safi. Lakini Schumpeter hakuwahi niambia nifanye nini na madeni ya thao kumi na nane za watu nakutana nao kila siku kwa laini ya chakula.

Na hii si uchungu wangu pekee. Kuna utafiti umefanywa kuhusu venye watu wanafunzwa biashara, na moja wa hao ningependa kila leki abandike mlangoni. Ulifanyiwa Togo, ukachapishwa kwa jarida la Science mwaka wa 2017. Walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wakawagawa mara tatu. Kikundi moja kikafunzwa ile biashara ya kawaida, hesabu na vitabu. Kingine kikafunzwa kujituma: kuanza kitu bila kusukumwa, kutafuta njia nyingine ikifungwa, kuona shida kabla haijafika. Cha tatu hakikupewa kitu. Baada ya miaka miwili na kitu, wale wa kujituma faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 30. Wale wa vitabu walipanda asilimia 11, na hiyo ni ndogo kiasi kwamba watafiti hawangeweza kusema kwa uhakika si bahati tu.

Majirani wetu Uganda nao walijaribu kitu na wanafunzi wa chuo. Inaitwa STEP, ilitoka kwa watafiti wa Leuphana huko Ujerumani. Wiki kumi na mbili, mnaingia kwa vikundi, mnapewa mtaji mdogo, mnaanza biashara ya ukweli. Si ya karatasi. Ukipoteza umepoteza, unarudi darasani unaeleza ni kwa nini. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baadaye, waliopitia hapo walikuwa wameanzisha biashara zaidi ya wale hawakupitia. Kuku wao walikuwa wanakufa, kwa ufupi.

Uholanzi ndio kuna stori ya kunifurahisha zaidi. Watafiti walipima wanafunzi wa chuo kabla na baada ya kozi ya ujasiriamali, ripoti ikatoka 2010. Hamu ya kuanzisha biashara ilishuka. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema kozi ilifeli. Mimi nasema ilifaulu. Mtu akigundua mapema kwamba hii maneno haimfai, ameokoa doh ya mathe yake.

Tukirudi hapa kwetu, si ati hakuna kitu. Kenyatta University iko na kile kituo cha ubunifu chenye jina la Chandaria. Strathmore wako na @iBizAfrica. University of Nairobi wako na C4DLab. Na kabla ya hizo kupata jina kulikuwa na iHub, ilifunguliwa 2010 kando ya Ngong Road, na mwaka huo huo madem watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walishinda shindano la masaa 48 na M-Farm, programu ya kumpa mkulima bei ya soko kwa simu. Serikali nayo iko na shirika mzima la ubunifu, KeNIA, lililoundwa na sheria ya 2013. Majengo yako. Lakini uliza komredi wa mwaka wa tatu wa ualimu kama amewahi kuingia hapo ndani. Mimi nilikuwa napita mlango wa kituo kama hicho kila siku nikiwa na begi ya hudi mgongoni, na nilidhani ni ya watu wa kompyuta. Hakuna mtu alinikataza. Hakuna mtu aliniita pia. Yuniti ilikuwa kwa jengo moja, kituo kwa lingine, na mimi nilikuwa njiani katikati nauza.

Sasa tufike mahali watu huwa wananipiga nayo vita kwa base. Ukiniuliza kama mtu asomee biashara na ubunifu badala ya digrii ingine ama kando yake, mimi nasema kando. Na sababu ni rahisi: biashara inataka kitu ya kuuza, na hiyo kitu inatoka kwa ile ingine.

Angalia watu wenye tunawapigia makofi. Evans Wadongo alikuwa mwanafunzi wa uhandisi JKUAT alipotengeneza taa ya sola ya MwangaBora mwaka wa 2004, na 2010 CNN wakamweka kati ya mashujaa wao kumi. Taa ni saketi. Saketi alikuwa anazisoma. Norah Magero ni mhandisi wa mitambo. VacciBox yake, ile friji ndogo ya sola ya kubeba chanjo hadi mashinani, ilishinda tuzo ya Africa Prize ya uhandisi mwaka wa 2022. Nzambi Matee aliacha kazi 2017 akajifungia nyuma ya nyumba ya mamake akichanganya plastiki na mchanga hadi ikatoka tofali la kutembelea, ndio hiyo Gjenge Makers. Miaka mitatu baadaye Umoja wa Mataifa ukamtuza. Huyo hangeshinda hapo kwa kukariri sifa kumi. Alihitaji kujua plastiki gani inayeyuka kwa joto gani na gani inakupikia sumu.

Mtu ataniambia, na Charlot Magayi? Kweli. Yeye aliuza makaa Mukuru, mtoto wake akachomeka na jiko, na hiyo ndiyo ilimfanya aanze Mukuru Clean Stoves, iliyokuja kushinda Earthshot Prize mwaka wa 2022. Si darasani alitoa hiyo. Lakini alijua makaa, jiko na jikoni za Mukuru kuliko professa yeyote. Hiyo ilikuwa digrii yake, na aliilipia karo kubwa kuliko yetu. Mimi nilijua nini kuhusu hudi? Bei ya Gikomba na bei ya hostel. Hata uzi sikujua.

Kwa hivyo msee wa Business and Entrepreneurship ya miaka minne, kama tayari unaendesha duka yako na unasoma usiku mtandaoni, hiyo naiona, itakusaidia. Lakini umetoka form four juzi, huna biashara, huna ufundi, unaenda kusomea biashara tupu? Utatoka ukijua kuendesha kitu yenye huna.

Tukiwa hapo tuongelee ile dawa ya kulevya inaitwa "Bill Gates aliacha shule." Nimeimeza, najua ladha yake. Gates alitoka Harvard 1975, Zuckerberg 2004. Sawa. Harvard, kwanza, ukitoka vizuri unaweza rudi, mlango unabaki wazi. Pili, babake Gates alikuwa wakili. Mambo ikiharibika, kijana anarudi nyumbani kwa chumba chake. Mimi nikiharibu narudi kwa mathe ambaye chama inamdai kwa sababu yangu. Hata huko kwao Marekani, Pierre Azoulay na wenzake walichunguza mwaka wa 2018 ni nani huanzisha zile kampuni zinakua kwa spidi kushinda zote. Wastani wa umri wao wakianza ni miaka 45. Si dropout wa miaka 20 na hudi. Ni buda ameshafanya kazi, anajua watu, anajua shida iko wapi.

Hivi ndivyo mimi nilitoka. Februari 2020 mathe alinitumia karo ya semesta kwa M-Pesa, thao arobaini na nane. Nikapiga hesabu, na nilipiga vizuri kabisa: nikiweka hiyo yote kwa stoki, kufika Aprili nitakuwa na karo na faida ya kulipa keja. Nikabeba magunia mawili ya hudi na jaketi. Tarehe 15 Machi, Uhuru Kenyatta akasimama kwa TV akafunga shule na vyuo sababu ya korona. Kwa wiki moja hostel zikabaki na paka. Soko yangu yote ilipanda mabasi ikaenda ocha, na daftari yangu ya HELB ikiingia ikaenda nayo.

Nilishikwa na baridi. Aprili nikauza kila kitu kwa jamaa mmoja wa mtaa, thao kumi na nne. Na hapa ndipo huwa inaniuma hadi leo: mwisho wa Machi serikali ilikuwa imepiga marufuku mitumba kuingia nchini, na marufuku hiyo ilikaa hadi Agosti. Stoki mpya haikuwa inaingia. Kila mtu aliyekuwa na nguo alikuwa anapandisha bei. Mimi niliuza kama takataka mali ambayo miezi miwili baadaye ingenilipia karo, na habari ilikuwa kwa kila gazeti, sema sikuwa nasoma habari za mizigo bandarini, nilikuwa nasoma motivesheni.

Chuo kilipofunguliwa nilikuwa na deni, kadi ya mtihani sikupewa, na mathe sikuwa nimemwambia. Nilimwambia baada ya miezi mitano. Sitaandika hapa alisema nini.

Nimeileta hii si ndio unionee huruma. Nimeileta kwa sababu hakuna kitu kwa ile yuniti ilinifunza vile karo na mtaji zinakaa kwa mifuko tofauti, na nina uhakika hilo somo lingechukua dakika kumi. Na sasa hivi liko muhimu zaidi kuliko wakati wangu. Ile modeli mpya ya karo ya 2023 ilipoanza, wanafunzi waliwekwa kwa bendi tano, na familia ya bendi ya kwanza ilitakiwa kutoa asilimia 5, ya bendi ya tano asilimia 40. Imepelekwa kortini, High Court ikasema Disemba 2024 ni kinyume cha Katiba, rufaa ikafuata, hiyo vita ni stori ya siku yake. Kwa sasa jua tu kwamba komredi wengi leo wako na karo mkononi na presha nyumbani. Huyo ukimwambia "kuwa mjasiriamali" bila kumwambia "usiguse hiyo," umemsukuma.

HELB nayo haijali ulifika wapi na digrii. Riba ya asilimia 4, unatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, ukinyamaza kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Elfu tano kila mwezi, maze, kuna watu hiyo ndiyo rent.

Halafu kuna doh za serikali. Hustler Fund ilikuja Novemba 2022, unaanza na hata soo tano, riba asilimia 8 kwa mwaka. Mwisho wa 2025 ikaja NYOTA, 50,000 kwa kijana, na hiyo si mkopo ni ruzuku. Mimi sitakucheka ukipata. Chukua. Lakini soo tano ni stoki ya mayai na smokie ya siku moja, na hiyo ndiyo inaitwa mtaji wa mtu amesoma miaka minne. Ukishafungua, kanjo anataka leseni. Ukifika mauzo ya milioni moja kwa mwaka, KRA wanataka asilimia 3 ya mauzo, tangu Julai 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 1. Skiza vizuri: ya mauzo, si ya faida. Ukiuza za laki moja kila mwezi, hiyo ni 1.2 milioni, unatoa 36,000 kwa mwaka hata kama ulikuwa unakula hasara. Leki wangu hakuwahi taja KRA. Hata mara moja.

Na usidhani ukipata mamilioni ya wazungu umetoboa. Kune Food, ile ya chakula, ilichangiwa dola milioni moja 2021, Juni 2022 ikafunga. Sendy ilianguka 2023. Copia ikaingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024 baada ya kuchangiwa zaidi ya dola milioni mia. Hao walikuwa na watu wa MBA. KNBS wenyewe walihesabu 2016 wakapata biashara ndogo milioni 2.2 zilifungwa kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo namba ingekuwa inasomwa na mgeni wa heshima, halafu tuone kama hema itapiga makofi.

Kuna kitu kingine ningetaka kifunzwe kabla ya sifa kumi, na hiki kinatoka kwa stori yenye kila mkenya ameskia: ati kuna mwanafunzi aliibiwa M-Pesa. Kila chuo kina jina lake la huyo msee. Rekodi zenyewe zinasema kitu kingine. Mradi uliongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, pesa zingine zikatoka kwa serikali ya Uingereza, majaribio yakafanywa 2005 na Faulu, na Safaricom wakazindua Machi 2007. Lakini mbona stori haifi? Kwa sababu inashika uoga wa ukweli. Mwanafunzi wa Kenya akiwa na kitu hajui akimbie wapi nayo. Hajui kuna KIPI. Hajui wazo tupu halina hati. Hati inapewa kitu umeunda na kueleza vile inafanya kazi, na ukiipata inakulinda miaka 20. Hajui chuo chake kiko na sera ya nani anamiliki kitu kimetengenezwa kwa maabara ya chuo, na kwamba hiyo karatasi anaweza kuiomba ofisini kesho asubuhi. Wiki moja ya hiyo yuniti ingetosha. Wangeondoa ile wiki ya "historia ya ujasiriamali" na hakuna mtu angelia.

Sasa kuna cuzo yangu, mtoto wa anti, aliitwa chuo mwaka jana. Alikuwa ameshikilia karatasi mbili: Food Science upande huu, kozi ya ujasiriamali upande ule. Anti akanipigia simu, si juu mimi ni mshauri mzuri, ni juu kwa ile familia mimi ndiye mfano wa nini isifanyike. Nikamwambia achukue Food Science, na hiyo yuniti ya biashara ikifika aifanyie na kitu yenye anaweza kushika.

Akachagua siagi ya njugu. Mimi nikacheka, kila mtu anauza siagi ya njugu. Akaniuliza kama nakumbuka KEBS wakitoa brandi kadhaa sokoni miaka ya nyuma kwa ajili ya aflatoksini. Nakumbuka. Akaniambia hiyo sumu inatoka kwa ukungu, ukungu unakuja njugu zikiwekwa na unyevu, na kwao maabara kuna mashine ya kupima unyevu, inakaa bure Ijumaa jioni. Anapima kila gunia kabla alipie. Yenye haijakauka anarudishia muuzaji. Wenzake kwa kikundi wanauza kwa hostel, yeye anapeleka kwa walimu na kwa kioski mbili nje ya geti, kwa sababu, alivyosema, hizo hazifungwi likizo. Karo yake iko kwa akaunti ingine, na kadi ya hiyo akaunti iko kwa anti.

Juzi alikuja tao na mikebe sita. Nikachukua mmoja, soo nne. Nikamwambia nitamlipa HELB ikiingia.

Akautoa mkononi mwangu akaurudisha kwa begi.